Kupima Asilimia ya Mafuta Mwilini: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Futi Kamba, Kalipa na Mizani ya Umeme

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasomaji wa Mtwara mjini, Masasi, Newala na Lindi ni lile lile: mtu amepanda mizani ya umeme ikamwambia ana asilimia 29 ya mafuta, programu ya simu ikamwambia 24, na mwalimu wa mazoezi aliyembana ngozi kwa kalipa akamwambia 19. Ashike lipi? Wengi hushika namba ndogo kuliko zote, jambo linaloeleweka lakini lisilosaidia.

Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kinachopima mafuta yenyewe. Kila kimoja hupima kitu kingine, iwe ni mzunguko wa kiuno, unene wa kikunjo cha ngozi au ukinzani wa mwili dhidi ya umeme mdogo, kisha hukisia mafuta kwa kanuni ya hesabu. Kwa hiyo anayetumia njia moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao, akaita tofauti yake mafuta yaliyopungua, anajidanganya bila kujua. Hatua zinazofuata zitakuwezesha kupima kwa njia zote tatu asubuhi moja, kuona zinavyotofautiana kwenye mwili wako mwenyewe, na kubaki na moja.

Vifaa vinavyohitajika

Futi kamba ya fundi cherehani yenye sentimita. Ilinganishe kwanza na rula ya chuma au na futi kamba mpya, kwa sababu iliyotumika kwa miaka mingi huvutika na kusoma pungufu.

Mizani ya kupimia uzito wa mtu, pamoja na sakafu ngumu ya saruji. Mizani ya chama cha msingi cha ushirika inayopimia magunia ya korosho haifai kwa kazi hii, hata kama karani ni jamaa yako, kwa kuwa imetengenezwa kwa mizigo mizito na haionyeshi tofauti ndogo unazozitafuta.

Simu yenye kikokotoo cha kisayansi. Kwenye simu nyingi hujitokeza ukiilaza simu kwa ubavu; tafuta kitufe kilichoandikwa log, si kile cha ln.

Daftari na kalamu, pamoja na msaidizi mmoja ambaye huoni haya kujifunua tumbo mbele yake: mke, mume, dada au shoga yako.

Kalipa ya kubania ngozi na mizani ya umeme inayoonyesha mafuta ni vya hiari. Usikope fedha kuvinunua.

Nani asijipime kwa njia hizi

Kanuni zote zilizomo humu zilitengenezwa kwa watu wazima. Mtoto, mama mjamzito na mama aliyejifungua karibuni wataarifiwa namba isiyo na maana. Vivyo hivyo kwa mtu mwenye tumbo lililojaa maji kwa sababu ya ugonjwa, na kwa mwenye matende, maradhi ambayo ukanda wetu wa pwani unayafahamu vizuri, kwa sababu mguu uliovimba hubadilisha uzito na pia njia ya umeme mwilini. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asipande kabisa mizani inayopitisha umeme.

Hatua ya 1: Andaa asubuhi moja

Jipime asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kunywa chai. Usiwe umefanya mazoezi wala kazi ya shamba tangu jana jioni.

Sababu ni mbili. Chakula na maji huongeza mzunguko wa tumbo kwa sentimita ambazo kanuni itazisoma kama mafuta. Pili, joto na jasho hubadilisha kiasi cha maji mwilini na joto la ngozi, na mizani ya umeme huviona vyote viwili. Mtu wa Shangani, Mtwara mjini, aliyejipima saa nane mchana mwezi Januari, na mwenziwe wa Newala aliyejipima kwenye baridi ya asubuhi ya uwanda wa juu, hawawezi kulinganisha namba zao hata kama miili yao inafanana.

Onyo kwa wakati wa Ramadhani: usipime jioni kabla ya kufuturu. Mwili umepungukiwa maji na mizani ya umeme kwa kawaida itakuongezea mafuta usiyokuwa nayo. Ama pima muda wako uleule wa asubuhi ukijua kwamba ratiba ya kula imebadilika, ama subiri mfungo uishe.

Hatua ya 2: Pima urefu na uzito

Simama bila viatu, visigino vikigusa ukuta ulionyooka au mwimo wa mlango, macho yakitazama mbele. Msaidizi aweke kitabu kigumu juu ya kichwa kikiwa sambamba na sakafu, atie alama, kisha apime kutoka chini. Urefu wa mtu mzima hupimwa mara moja tu na kuhifadhiwa. Ukiupima upya kila mwezi unaingiza kosa jipya kila mwezi.

Uzito upimwe ukiwa na nguo nyepesi, mathalani kanga au kikoi, na mizani iwe juu ya saruji, si juu ya zulia wala mkeka. Panda, shuka, panda tena. Namba mbili zikikaribiana sana, hatua imekamilika.

Hatua ya 3: Pima mizunguko kwa futi kamba

Hapa ndipo wengi hukwama, basi twende taratibu.

Shingo. Futi kamba ipite chini kidogo ya koromeo lililojitokeza, ikiinama kidogo upande wa mbele. Mabega yalegee, ukiyapandisha, misuli ya shingo hujaa na kipimo huongezeka.

Kiuno. Kanuni mbili tutakazotumia hazikubaliani juu ya mahali kiuno kilipo, na watu wengi hawaambiwi jambo hili. Kanuni ya Jeshi la Majini la Marekani hutaka mwanamume apimwe kwenye kitovu, na mwanamke apimwe pale penye wembamba zaidi, kati ya kitovu na mwisho wa mfupa wa kifua. Kanuni ya pili, ambayo hutumia urefu na kiuno peke yake, ilitengenezwa kwa vipimo vilivyochukuliwa juu tu ya ncha ya mfupa wa nyonga. Kwa hiyo pima sehemu zote mbili na uziandike kwenye mistari miwili tofauti. Kwa mwanamke, tofauti kati yake inaweza kuwa sentimita kadhaa.

Nyonga, kwa wanawake tu. Miguu ikiwa pamoja, zungusha futi kamba pale makalio yanapotokeza zaidi. Msaidizi atazame kwa ubavu ili ahakikishe kwamba kamba haijapanda wala kushuka nyuma.

Kila mara kamba iguse ngozi bila kuizamisha, ikae sambamba na sakafu, na isomwe mwishoni mwa pumzi ya kawaida inayotoka. Usivute tumbo ndani. Ukiogopa kuwa utalivuta bila kukusudia, hesabu moja hadi tano kwa sauti wakati unapimwa; ni vigumu kubana tumbo huku unazungumza.

Onyo: ukimwomba fundi cherehani akusaidie, mwambie mapema kuwa hushoni nguo. Mafundi wengi huingiza vidole viwili chini ya kamba ili vazi lisibane, na desturi hiyo nzuri ya ushonaji huharibu hesabu hii yote.

Zunguka sehemu zote, kisha rudia mzunguko mzima mara tatu badala ya kupima sehemu moja mara tatu mfululizo, kwa kuwa mkono hukumbuka namba iliyotangulia na kuitafuta tena. Vipimo vitatu vya sehemu moja vikiwa ndani ya sentimita moja, chukua wastani wake uendelee. Vikitofautiana zaidi ya hapo, kamba inahama. Tia alama ndogo ya kalamu kwenye ngozi na uanze upya.

Hatua ya 4: Kokotoa kwa kanuni za futi kamba

Kanuni ya jeshi, vipimo vyote vikiwa katika sentimita:

Wanaume: 495 ÷ [1.0324 − 0.19077 × log(kiuno − shingo) + 0.15456 × log(urefu)] − 450

Wanawake: 495 ÷ [1.29579 − 0.35004 × log(kiuno + nyonga − shingo) + 0.22100 × log(urefu)] − 450

Kanuni ya urefu na kiuno, iliyochapishwa mwaka 2018:

Wanaume: 64 − (20 × urefu ÷ kiuno)

Wanawake: 76 − (20 × urefu ÷ kiuno)

Kabla ya kuingiza namba zako, jaribu za mfano ili ujue kuwa vidole vyako viko sahihi. Chukua mwanamume wa miaka 38, urefu sentimita 172, uzito kilo 78, shingo 38, kiuno cha kitovuni 92 na cha juu ya mfupa wa nyonga 93. Kanuni ya jeshi inatoa asilimia 22.6, na ya pili inatoa 27.0. Kwa mwanamke mwenye urefu wa 160, shingo 33, kiuno chembamba 80, kiuno cha juu ya mfupa 86 na nyonga 104, majibu ni 35.2 na 38.8. Ukipata namba hizo, unaweza kuendelea na zako. Ukipata namba nyingine, mathalani kitu kama 300 au namba hasi kwa yule mwanamke, ama umebonyeza ln, ama umesahau mabano.

Sasa ongeza sentimita mbili tu kwenye kiuno cha kitovuni cha yule mwanamume, ziwe 94. Jibu linapanda kutoka 22.6 hadi 23.9. Kwa maneno mengine, kamba iliyoteleza kidogo inaweza kumpa mtu habari njema au mbaya ya zaidi ya asilimia moja wakati mwilini hakuna kilichotokea.

Ipo kanuni ya tatu ambayo programu nyingi za simu huitumia kimyakimya, ile inayouliza uzito, urefu, umri na jinsia peke yake. Hugawa uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, huzidisha jibu kwa 1.20, huongeza 0.23 mara umri, hutoa 5.4, na kwa mwanamume hutoa tena 10.8. Mfano wetu hupata 24.2. Siipendekezi. Haiwezi kumtofautisha kuli wa bandarini mwenye mabega na mapaja ya misuli na karani mwenye kitambi, endapo uzito, urefu na umri wao ni sawa.

Hatua ya 5: Tumia kalipa, iwapo unaye mpimaji wa kudumu

Kalipa hupima unene wa kikunjo cha ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake. Haioni mafuta yaliyozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yanayoambatana zaidi na kisukari na shinikizo la damu. Hili ni pungufu kubwa kwa mtu mwenye tumbo gumu lililotangulia mbele na mikono myembamba.

Kanuni ya watafiti Jackson na Pollock ya sehemu tatu ndiyo iliyo rahisi zaidi kuifuata. Mwanamume hupimwa kifuani, katikati ya kwapa na chuchu, kikunjo kikiwa cha mshazari. Tumboni, sentimita mbili pembeni ya kitovu, kikunjo cha wima. Na mbele ya paja, katikati ya kinena na goti, kikunjo cha wima. Mwanamke hupimwa nyuma ya mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Juu ya mfupa wa nyonga kwa ubavuni, kikunjo cha mshazari. Na mbele ya paja. Upande ni wa kulia siku zote.

Msaidizi ainue ngozi kwa kidole gumba na cha shahada bila kukamata misuli. Ukikaza msuli wa sehemu hiyo na kikunjo kikavutwa kutoka vidoleni, misuli imekamatwa. Kalipa iwekwe sentimita moja kutoka vidoleni, isomwe baada ya sekunde mbili hivi, na vidole visiachie kabla ya kusoma. Ngozi iwe kavu na isiwe imepakwa mafuta ya nazi, la sivyo kikunjo huponyoka na kalipa husoma ngozi peke yake.

Jumlisha milimita za sehemu tatu. Tuiite jumla hiyo J.

Wanaume: D = 1.10938 − 0.0008267 × J + 0.0000016 × J × J − 0.0002574 × umri

Wanawake: D = 1.0994921 − 0.0009929 × J + 0.0000023 × J × J − 0.0001392 × umri

Asilimia ya mafuta = 495 ÷ D − 450

D ni msongamano wa mwili. Mstari wa mwisho huchukulia kwamba mafuta yana msongamano wa 0.9 na sehemu nyingine zote za mwili kwa pamoja 1.1; ukiweka 1.1 badala ya D utapata sifuri, na ukiweka 0.9 utapata 100. Dhana hiyo haimkai kila mtu sawasawa, kwa kuwa uzito wa mifupa hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Mwanamume wa mfano wetu akiwa na milimita 16 kifuani, 28 tumboni na 18 pajani, J ni 62 na jibu ni asilimia 19.4.

Ishara ya mafanikio ni vipimo viwili vya sehemu moja kutozidiana kwa zaidi ya milimita mbili. Onyo: mpimaji akibadilika, rekodi yako imeanza upya. Leo kijana wa mazoezini pale karibu na Uwanja wa Nangwanda Sijaona, mwezi ujao binamu yako wa Mikindani, na huna ulinganisho wowote.

Hatua ya 6: Panda mizani ya umeme, ukijua inachokifanya

Mizani hii hupitisha mkondo mdogo wa umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Misuli ina maji mengi na hupitisha umeme vizuri. Mafuta yana maji machache na huuzuia. Mkondo huo hupita zaidi miguuni na sehemu ya chini ya kiwiliwili, kwa hiyo habari za kifuani na mikononi mizani huzikisia kutokana na umri, urefu na jinsia uliyoiandikia.

Unataka kuona? Jipime, kisha badilisha umri kwenye mipangilio uongeze miaka kumi, ujipime tena. Kwenye mizani nyingi asilimia hubadilika papo hapo.

Nyayo ziwe safi, zisiwe na vumbi wala mafuta, na zisiwe zimetoka kuoshwa muda huo kwa maji ya moto. Ngozi iliyopata joto hupunguza ukinzani, na mizani hutoa asilimia ndogo kuliko ya kweli. Ndiyo maana baadhi ya watu hutoka mbio za jioni ufukweni, wakapanda mizani wakiwa bado wana joto, wakafurahi. Usichague hali ya mwanariadha kwenye mipangilio kwa sababu tu unacheza mpira Jumamosi. Hali hiyo ina kanuni yake ya watu wanaofanya mazoezi makali kila siku.

Panda siku tatu mfululizo, asubuhi, chini ya masharti yale yale, uchukue wastani.

Hatua ya 7: Panga majibu na uamue

Andika majibu yote kwenye ukurasa mmoja. Yule mwanamume wetu ana 19.4 kwa kalipa, 22.6 kwa kanuni ya jeshi, 24.2 kwa programu ya uzito na urefu, na 27.0 kwa kanuni ya urefu na kiuno. Ni mtu yule yule, asubuhi ile ile, bila kosa lolote la kupima, na bado kuna pengo la asilimia 7.6. Usitafute wastani wa njia zote. Wastani wa kanuni nne zilizotokana na watu tofauti na vipimo tofauti si wa mwili wa mtu yeyote.

Kwa maoni yangu, mkazi wa huku aanze na futi kamba na kanuni ya jeshi. Bei yake haizidi uwezo wa mtu, haihitaji betri, joto la pwani haliisumbui sana, na hupima tumbo ambalo ndilo lenye hatari. Asiyetaka hesabu za log atumie kanuni ya urefu na kiuno. Ni nzuri vilevile, mradi asihame. Kalipa ni ya timu yenye mpimaji mmoja aliyefundishwa. Mizani ya umeme ni ya kutazama mwelekeo wa miezi mingi, wala si ya kuamua kama wiki hii ilikwenda vizuri.

Na wanaouliza kuhusu kipimo cha eksirei ya nishati mbili (DEXA): ni sahihi kuliko hivi vyote, nacho pia hakikosi hitilafu, lakini kufunga safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya kujua kama una 22 au 25 ni kupoteza nauli, kwani hatua utakazochukua ni zile zile. Kuhusu kipimo cha kuzamishwa majini, yaani kupimwa uzito ukiwa chini ya maji, tafadhali usijaribu kukiigiza baharini Mikindani. Hudai mizani maalumu, maji yenye msongamano unaojulikana na kipimo cha hewa iliyobaki mapafuni.

Hatua ya 8: Soma namba na urudie

Jedwali linalotumika sana katika vituo vya mazoezi, la Baraza la Mazoezi la Marekani, humweka mwanamume wa kawaida kati ya asilimia 18 na 24 na mwanamke kati ya 25 na 31. Kuanzia 25 kwa mwanamume na 32 kwa mwanamke huhesabiwa kuwa unene uliozidi. Umekwishaona kwamba kanuni moja ingemweka mtu wetu ndani ya mpaka na nyingine ingemtoa, kwa hiyo usilale macho kwa sababu ya asilimia moja.

Kiuno chenyewe, bila kanuni, husema mengi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba hatari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kinapozidi 102 na 88. Kwa kipimo hiki kiuno huchukuliwa katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga. Kipimo kingine rahisi ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa 172 mpaka wake ni 86. Aliyevuka mipaka hii apime shinikizo la damu na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu, hata kama programu ya simu imempongeza.

Rudia vipimo kila baada ya wiki nne. Kila wiki ni mapema mno, kwa kuwa mabadiliko ya kweli huwa madogo kuliko kosa la kamba. Mwanamke anayepata hedhi achague siku zinazolingana za mzunguko wake, kwa sababu mwili huhifadhi maji siku fulani na tumbo hujaa. Kwa njia ya futi kamba, chukulia tofauti iliyo chini ya asilimia mbili kuwa haijathibitika mpaka ijitokeze upande ule ule katika vipimo viwili vinavyofuatana. Wale wanaoingia mashambani msimu wa korosho kuanzia Oktoba wapime kabla ya msimu na baada yake, na daftarini waandike pembeni kwamba kazi, chakula na saa za kulala zilibadilika, ili mwaka ujao walinganishe msimu na msimu.